Nani Ataonja Kwanza

Muheto, tarehe 5 Agosti 2012

Kwa Mama Benita,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwako. Nimekaa kwenye kiti chako, kile cha karibu na moto, kwa sababu changu kimevunjika mguu na hakuna wa kunicheka nikianguka. Antena ya simu bado iko kimya tangu watu wa silaha walipobeba mafuta ya jenereta yake. Kwa hiyo nimerudi kwenye kazi niliyowafundisha watoto wa darasa la tano miaka ishirini na saba: barua, tarehe juu, sahihi chini. Bienvenu wa pikipiki anapeleka unga huko Walikale na amekubali kuificha barua hii ndani ya soksi yake. Usishangae ikinuka.

Uliondoka tarehe 17 Juni kwa wiki tatu. "Benita akishapona kidonda cha operesheni ya uzazi, narudi," ulisema. Sasa ni wiki ya saba. Najua si kosa lako, njia imefungwa, hata sisi tumelala kanisani mara mbili tangu Julai kwa kukimbia risasi. Lakini nimechoka kuongea na mbuzi.

Kahawa najipikia mwenyewe. Inatoka nene kama tope la njia ya Rubaya. Unene wake naweza kuvumilia. Kinachonishinda ni kwamba namimina, nakaa, halafu nangoja. Miaka thelathini na nne umekuwa ukinywa funda la kwanza kabla ya kunipa kikombe, kama kwetu inavyotakiwa, anayempa mtu kinywaji aonje kwanza ili ajulikane hakutia sumu. Mara ngapi nilikuambia kwamba kati ya mume na mke desturi hiyo haina kazi? Ulikuwa unaonja tu na kunitazama. Sasa nakaa na kikombe mkononi mpaka kinapoa, kisha nakimwaga.

Nakuandikia pia kwa sababu ya shauri moja. Yule Mama Fifi wa duka, wa kutoka Butembo, ameleta kahawa mpya. Inaitwa kahawa ya uyoga. Iko katika sachet, pakiti ndogondogo za karatasi, unatia maji ya moto na kukoroga tu, hata mwanaume anaweza. Anasema inashusha tension, hii presha yangu ya damu, inasafisha damu, inaondoa uchovu na kurudisha macho. Ziko za aina tatu: ya sanduku jeusi, ambayo ni kahawa na uyoga peke yake, ya sanduku jekundu, yenye maziwa na sukari, na ya kijani, iliyotiwa mzizi wa Wachina. Mimi sijui kuchagua. Hata shati la harusi yetu ulilichagua wewe. Niambie nichukue ipi.

Mbusu mjukuu wetu Cindy, ambaye sijamwona bado.

Mume wako,
Théophile


Walikale, 19 Agosti 2012

Papa Benita wangu,

Barua imefika, na kweli ilinuka. Nimeisoma mara nne. Benita ananicheka, anasema ninaficha karatasi chini ya mto kama msichana wa sekondari.

Lakini hebu ngoja kidogo. Uyoga? Wewe? Miaka thelathini na nne nimekupikia uyoga, ule mzuri wa kwetu Kalembe, nimeukausha juu ya moto, nimeutia karanga, na wewe unasukuma sahani kwa kidole kimoja. "Mimi ni mtu wa milimani, sili vitu vinavyoota usiku." Hayo njo maneno uliyomwambia mama yangu, Mungu amrehemu, siku ya kwanza ulipokuja kwetu na wajomba zako. Aliudhika mpaka mahari ikakaribia kuvunjika. Leo mtu amekutilia uyoga huohuo ndani ya karatasi inayong'aa na unataka kuunywa! Mama angekuwa hai angekuja Muheto kwa miguu ili akucheke.

Kuchagua siwezi bila kuona. Nitumie sachet moja ya kila aina, ama karatasi zake tupu zenye maandishi. Hapa kuna infirmier mmoja, muuguzi wa hospitali, Élysée, ndiye alikuwa anamfunga Benita kidonda. Atanisomea.

Na dawa zako? Nilikuachia vidonge kwenye kopo la maziwa, kimoja kila jioni baada ya chakula. Hukuandika neno lolote juu yake.

Cindy ana paji la uso lako. Akikasirika anakunja ngozi palepale unapokunja wewe ukisahihisha madaftari. Kila asubuhi ninampakata hapo mlangoni, ninaelekeza uso wake upande wenu, ninamwambia babu yako yuko kule. Halafu ninalia kidogo. Sikufichi, ninakukosa sana. Chakula cha Benita kitamu, kitanda kizuri, lakini nageuka usiku nikitafuta mgongo wako wa baridi na ninapata ukuta.

Njia haijafunguka. Wanasema labda mwezi ujao.

Ni mimi,
Dorothée


Muheto, tarehe 2 Septemba 2012

Kwa Mama Benita,

Nimecheka peke yangu mpaka jirani yetu Nyiraneza akaja kuchungulia dirishani. Sawa, uliyoyasema juu ya uyoga na marehemu mama mkwe ni ya kweli. Nakubali kosa mbele yako na mbele yake.

Nimeshindwa kungoja uchague, nikachukua ya sanduku jeusi. Sababu nitakuambia. Nilikwenda dukani nikiwa na mashaka kama unavyonijua. Mama Fifi hakubishana. Alichemsha maji mbele yangu, akakata sachet, akakoroga, na kabla ya kunipa akanywa yeye funda kubwa. Kisha akanikabidhi kikombe kwa mikono miwili. Mama Benita, tangu Juni hakuna mtu aliyenionjea kitu. Nilikinywa chote nikiwa nimesimama.

Akaniambia, "Papa Mwalimu, mi mwenyewe ninakunywaka hii kila siku. Inasafisha damu yote. Ile vidonge ya hospitali inakulaka figo tu. Ukikunywa hii, ile ingine haina kazi." Ni mwanamke mkweli, anasali misa ya kwanza kila Jumapili, na alionja mbele yangu.

Ladha yake ni chungu kidogo na ina harufu ya mti uliolowa mvua. Ukweli ni kwamba inanikumbusha moshi wa jiko lako. Najisikia mwepesi. Juzi nimepanda mpaka shamba la maharagwe kule juu bila kupumzika, ila kichwa kiligonga kidogo, ni jua tu.

Kuhusu dawa, usiwe na wasiwasi. Dawa ziko kwenye kopo.

Nakutumia sachet moja nyeusi, na karatasi za zile nyingine mbili ambazo nimeziokota dukani. Vita vimesogea upande wa bonde lakini hapa tunalima. Nakukosa mpaka najiona mjinga. Jana niliweka sahani mbili mezani nikala ya kwanza, halafu nikaiosha na ya pili.

Mume wako,
Théophile


Walikale, 20 Septemba 2012

Papa Benita,

Leo sikuanza na salamu. Utaona kwa nini.

Élysée amesoma karatasi zote tatu. Ni kijana mwenye subira, hakucheka. Aliniambia hivi: "Mama, uyoga ni kitu kizuri, mi sikatae. Ule wa ndani ya sachet haiko kama ule wenu wa kupika. Ni mugumu, unaota kwa miti, Wachina wanaukunywaka tangu zamani. Watu ya masomo wanaufatilia, labda unasaidia mwili kidogo. Lakini kusema unaponesha tension, hapana, hakuna mwenye alihakikisha."

Akanionyesha kwa kidole. Ile nyekundu, kitu cha kwanza kilichoandikwa ni sukari, cha pili maziwa ya unga, uyoga unakuja mwisho kabisa kama mgeni aliyechelewa. Ile ya kijani haisemi ni mzizi kiasi gani, wala uyoga kiasi gani, na tarehe ya kuharibika imefutika. Ile nyeusi ni afadhali: ina jina la uyoga, ina kipimo, ina tarehe, haina sukari. Kwa hiyo mara moja katika maisha yako umechagua vizuri bila mimi. Lakini ndani yake ni kahawa vilevile, na kahawa inaweza kusukuma moyo wa mtu mwenye tension. Tena uyoga huo unaweza kufanya damu iwe nyepesi, kwa hiyo anayekunywa dawa amwambie infirmier kwanza. Mtu mzima akiutaka, kikombe kidogo asubuhi, na dawa yake palepale. Pamoja na dawa, Théophile. Élysée amesema akinishika mkono: "Usiache bwana yako aache vidonge. Kuiacha gafla njo hatari."

Sasa tuje kwenye hesabu, wewe mwalimu. Tarehe 17 Juni nilikuachia vidonge sitini. Nilikuachia vya miezi miwili kwa sababu barabara siiamini. Kimoja kwa siku, vilipaswa kwisha katikati ya Agosti. Tarehe 2 Septemba unaniandikia "dawa ziko kwenye kopo." Ulidhani nitafurahi? Nilikaa chini kwenye udongo pale uwanjani kwa Benita, nikahesabu tena kwa vidole. Ulichagua neno la kweli ili unidanganye.

Na usiniambie kwamba Mama Fifi alionja. Mimi simwiti mwongo, labda na yeye anaamini. Lakini mtu akionja anakuonyesha kwamba hakuna sumu. Hakuonyeshi kwamba kuna dawa. Hilo hata Cindy angelielewa.

Nimemaliza hasira. Nakutumia vidonge vingine thelathini, Élysée amenipatia. Sachet yako nimeikata pembeni, nikatia nusu kwenye kikombe changu leo alfajiri na kuinywa. Nusu nyingine imo humu, nimeishona na uzi mweupe. Nimekuonjea. Kila mara ukinitumia sachet, nitanywa nusu na kukurudishia nusu, ndipo uinywe, na jioni yake unameza kidonge. Bila mimi kuonja usinywe tena, hata kwa Mama Fifi.

Tafadhali nijibu haraka. Ninaogopa.

Dorothée


Muheto, tarehe 7 Oktoba 2012

Kwa Mama Benita,

Ni mimi Callixte, katekista, ninayeandika. Usitupe barua chini, yuko hai. Anasema niandike hivyo kwanza.

Tarehe 24 Septemba Papa Mwalimu alianguka kule shambani kwenye maharagwe. Nyiraneza alimkuta, tukambeba mabegani kwenye kipoyi, machela ya miti, mpaka kituo cha afya. Mkono wa kulia haushiki kitu, mguu unaburuta, mdomo umekwenda upande. Anaongea, ila maneno mengine ninayapata kwa shida. Kuanzia hapa ni yeye.

Mama Benita, mwandiko huu si wangu na unisamehe kwa makosa ya Callixte, nilimfundisha lakini hakusikia. (Amenilazimisha kuandika hilo.)

Barua yako ilifika nikiwa nimelala siku ya tano. Bienvenu alipotoa ile sachet iliyokatwa na kubaki nusu, nilimwita mwizi. Kwa mdomo huu sijui alisikia nini, lakini aliapa kwa jina la mama yake mbele ya watu wote. Nilikataa kuisikiliza barua mpaka arudishe nusu iliyopotea. Siku mbili tumebishana hivyo. Ndipo Callixte akaisoma kwa nguvu, na alipofika pale ulipoandika "nimekuonjea," nikaomba wote watoke nje.

Bienvenu nimemwomba msamaha. Ile nusu sikuinywa. Infirmier wa hapa amesema kahawa hiyo niiache kabisa sasa. Nimesema waiweke ndani ya kopo la maziwa, na uzi wake.

Mama Fifi alikuja. Alilia sana. Mama yake mwenyewe kule Butembo anakunywa kahawa hiyo na ameacha vidonge kama mimi, na siku hiyohiyo alimtumia ujumbe kwa mdomo wa msafiri arudie dawa. Usimchukie.

Sasa nikuambie ukweli, maana mtu aliyelala hana pa kukimbilia. Vidonge sikuviacha kwa sababu ya figo wala kwa sababu ya uyoga. Niliviacha wiki ya pili baada ya wewe kuondoka, kabla sijasikia habari ya kahawa hiyo. Kila jioni ulikuwa unakiweka kidonge katikati ya kiganja changu, unakunja vidole vyangu juu yake, unasimama pale mpaka nimeze. Ulipoondoka nilifungua kopo jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila nikifungua nyumba ilikuwa kubwa mno. Nikaona bora nisifungue. Kahawa ilipokuja nilifurahi kupata kisingizio chenye karatasi inayong'aa. Mzee wa miaka sitini na mbili ameogopa kopo. Njo hivyo.

Nyiraneza ndiye anayenipa dawa sasa. Anaiweka mkononi na kuondoka haraka kwa sababu ana ng'ombe wa kukamua. Ninaimeza. Nimeapa.

Usije. Njia si ya mama wa umri wako, na Benita anakuhitaji. Nitapona polepole.

Mume wako,
Théophile (ameweka alama ya kidole)

Callixte tena. Amesema usije, na mimi nimeandika alivyosema. Lakini kila asubuhi anatuomba tumgeuzie kiti kielekee njia ya Kalembe, na jioni tunamgeuza tena.


Kalembe, 26 Oktoba 2012

Papa Benita,

Soma mahali nilipoandikia. Niko Kalembe, kwenye nyumba ya marehemu mama, na miguu yangu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Barua ya Callixte ilinikuta jioni. Asubuhi nilikuwa nimefunga kitenge. Benita hakunizuia, alinifungia mtoto mgongoni kwa dakika moja tu ili nisikie uzito wake, kisha akamtoa. Kupitia Pinga nimetembea siku sita na wanawake wanaobeba mihogo. Kwenye barrière, kizuizi cha watu wa silaha, walituuliza tunakwenda wapi. Nilisema, "Mume wangu ni mugonjwa, ninaenda kumupa dawa." Mmoja wao, kijana mrefu, alitazama chini na kutufungulia.

Na mimi nina neno la kukuambia. Umeweka lako wazi, sitabaki na langu. Njia ilifungwa kwa magari na pikipiki nyingi. Kwa wanawake wa miguu haikuwahi kufungwa. Benita alisimama vizuri tangu mwisho wa Julai. Ningeweza kuja Agosti. Kila wiki wanawake hawa walipita mbele ya mlango wetu na kuniuliza, "Mama, tuende?" na kila wiki nilipata sababu: mara mtoto ana homa, mara nguo hazijakauka. Niliogopa. Nilisikia yaliyowapata wengine msituni na niliogopa, nikakuandikia "njia haijafunguka" kana kwamba ni mlango ambao mtu mwingine ameshika ufunguo wake. Wewe ulikuwa unaogopa kopo na mimi ninaogopa njia. Kama ningekuja Agosti ungekuwa unameza dawa na mkono wako ungekuwa unaandika. Ninalijua hilo, na nimelibeba siku zote sita. Ni zito kuliko mihogo.

Hapa wanasema mbele kuna risasi, tungoje siku mbili tatu zitulie. Bienvenu amenikuta hapa, yeye anajua njia za pembeni, kwa hiyo barua itanitangulia. Jumatatu tunaondoka. Jumatano, Mungu akipenda, nitakuwa kwenye daraja la mto, chini ya kijiji.

Mvua imenyesha, na jana nilikwenda na binti za mjomba kutafuta uyoga. Nimejaza kikapu kizima na kuukausha juu ya moto wa mama. Huu hauponeshi tension wala haurudishi macho. Ni chakula. Nitautia karanga na chumvi kidogo sana, na wewe utakula mbele yangu mpaka uone maua yaliyochorwa chini ya sahani. Huo njo uamuzi wangu juu ya uyoga, ulitaka nikuchagulie, nimekuchagulia.

Asubuhi nitakayofika mwambie Nyiraneza aweke maji motoni. Nitakupikia kahawa ya miti yetu, nyepesi, kikombe kidogo, infirmier akikubali. Akikataa tutakunywa maji ya moto. Jioni nitafungua kopo mimi mwenyewe na nitasimama pale mpaka umeze. Usiguse kikombe kabla sijafika. Nitaonja kwanza.

Mke wako,
Dorothée


Muheto, 31 Oktoba

Mama Benita

naandika na kushoto. usicheke. ni darasa la kwanza.

Callixte anashuka kwa daraja kukungoja na karatasi hii.

uyoga nitakula.

Agosti ni yetu wote wawili. usiibebe peke yako kupanda mlima.

maji iko kwa moto. kikombe sijagusa.

Théophile